Orodha Iliyogeuzwa Mara Mbili

Milka Adero alifika kiwanda cha sukari cha Kamadede Jumanne moja ya Julai, mwaka 1991, na kilichompokea langoni kilikuwa harufu. Haikuwa ile ya sukari inayochemka, ambayo watu wa ukanda wa miwa wameizoea hata hawaisikii tena. Hii ilikuwa kama ya pombe iliyosahauliwa kwenye ndoo, chachu, inayopanda puani na kukaa kooni. Ilitoka kwenye yadi. Matrekta na matela yalikuwa yamejipanga kuanzia kwenye mizani hadi nje ya lango, kisha kando ya barabara ya Muhoroni mpaka jicho likachoka kuyafuata. Miwa ilikuwa imelala juu yake siku nne, siku tano, ikipikwa na jua. Maji meusi ya kunata yalichuruzika kwenye mbao za matela, na nzi walikuwa wengi kiasi kwamba madereva hawakujisumbua tena kuwafukuza.

Alikuwa ametumwa na ofisi yao ya Kisumu, ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, kwa sababu kiwanda kilipiga simu kusema kompyuta imechoka. Bosi wake, Ephantus Wahome, alicheka aliposikia neno hilo. Kompyuta haichoki, alisema, labda karani ndiye aliyechoka. Nenda ukaone.

Programu yenyewe ilikuwa kazi ya Wahome. Alikuwa mtu wa Nyeri aliyesoma Uskoti, akarudi na shahada na disketi kumi na mbili zenye lugha ya programu ambayo huku hakuna aliyekuwa ameisikia. Katika lugha hiyo kila kitu ni funksheni: unatia kitu huku, kinatoka kingine kule, na ulichokwisha kukiandika hakibadilishwi kamwe. Ukitaka orodha yenye jina moja zaidi, huongezi jina kwenye ile ya zamani, bali unatengeneza mpya. Wahome aliipenda lugha hiyo kama watu wengine wanavyopenda dini, na Milka, aliyekuwa mwalimu wa hisabati Kombewa kabla ya kuajiriwa naye, aliipenda pia. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ameona mashine inayofikiri kama hisabati.

Kiwanda kilikuwa kimenunua programu ili kupanga foleni ya matela. Zamani zamu ziliandikwa kwa chaki ubaoni, na wakulima walilalamika kwamba wenye jamaa ndani hupita mbele. Wahome aliwaambia wakurugenzi sentensi moja tu, nao wakakubali. Kompyuta haina binamu, aliwaambia.

Kwenye kibanda cha mizani Milka alimkuta karani, Dorca, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, akifuma kitambaa cha kochi. Kwenye kioo cha kompyuta hapakuwa na kitu ila mstari mdogo unaowaka na kuzima. Trekta lilikuwa dirishani, dereva ameegemea usukani akingoja tiketi. Milka alitazama saa yake. Zilipita dakika nne na sekunde kumi ndipo tiketi ikatoka.

Dorca alimwambia kwamba mwezi wa Februari, msimu ulipoanza, tiketi ilikuwa inatoka kabla hajainua kidole. Kufikia Aprili angeweza kunywa kikombe cha chai. Tangu Mei ameshamaliza vitambaa sita, na sasa anafuma vya dada yake.

Wakati wanazungumza, msimamizi wa yadi alitoka ofisini mwake. Aliitwa Joram Oketch, mwanamume mrefu mwenye shati lililopigwa pasi na filimbi shingoni. Alipuliza filimbi, akapita kati ya matela akinyoosha kidole: wewe, na wewe, na yule wa bluu. Matatu yakatoka kwenye mstari na kwenda kwenye mizani bila tiketi. Milka aliuliza inakuwaje. Dorca hakuinua macho kutoka kwenye uzi wake. Mashine ikikwama, alisema, Bwana Oketch anaita kwa mkono, na mkono huo hauiti bure.

Milka alitoka nje kupata hewa, ingawa hewa yenyewe ndiyo ile. Kwenye kivuli cha tela moja alikuwa ameketi mama mmoja na mfuko wa plastiki miguuni. Alijitaja kuwa Rosa, mjane, shamba lake liko upande wa Koru. Alikuwa ameifuata miwa yake mwenyewe kwa sababu mwaka uliopita aliambiwa imepotea njiani.

"Nyathina, mwanangu, wewe ndiyo mwenye kompyuta?" aliuliza.

Milka alisema ni mmoja wao.

"Basi iambie mimi niko hapa tangu Alhamisi."

Alasiri ile zamu ya Rosa ilifika. Mtu wa maabara alichomoa muwa mmoja katikati ya mzigo, akaukata, akaunusa, akatikisa kichwa. Sukari imekwisha, imegeuka siki. Hakuna aliyegombana. Trekta lilipelekwa nyuma ya kiwanda, kwenye mtaro, na tela likainuliwa. Milka alifuata bila kujua kwa nini. Huko aliona mlima wa miwa ya watu wengine iliyokataliwa wiki zote hizo, nyeusi, ikitoa povu, ikitembea kwa funza. Mguu wake ulizama hadi kwenye kifundo. Alipouvuta kiatu kilibaki, na ule uvuguvugu alioukanyaga ulimpanda mwili mzima kama kitu kilicho hai. Alitapika pale pale kando ya mtaro. Mama Rosa ndiye aliyemchomolea kiatu, akakifuta kwa majani, akampa.

Kesho yake, Kisumu, Milka na Wahome walibishana kuanzia asubuhi hadi duka la chini likafunga milango kwa chakula cha mchana.

Milka alikuwa amekwisha kuona kasoro iko wapi. Wahome hakutaka kitu chochote kipotee, kwa hiyo orodha ya matela haikuwa ya yanayongoja tu. Ilikuwa na kila tela lililofika tangu Februari, elfu arobaini na zaidi. Tela jipya liliwekwa mwishoni. Na kwa kuwa katika lugha hii orodha ya zamani haiguswi, kuweka jina moja mwishoni kulimaanisha kunakili yote elfu arobaini upya, kila mara, na kumtafuta wa kuitwa kulimaanisha kutembea tena tangu mwanzo juu ya wote waliokwisha kusagwa. Kumbukumbu ya kompyuta ilijaa nakala zilizotupwa, na mashine ikatumia muda wake mwingi kuzoa taka zake yenyewe.

Alimwambia ni kama mzee wa kanisa ambaye kila mtoto akibatizwa hununua daftari jipya na kuandika upya waumini wote tangu wamisionari, ili aongeze jina moja chini.

Wahome alikuwa mtu mpole katika ubishi, na upole huo ulikuwa mgumu kuliko hasira. Alisema programu haina kosa. Orodha inayoitoa ni sahihi, na anaweza kuithibitisha ubaoni kwa mistari mitano. Kama ni polepole, basi kiwanda kinunue mashine kubwa zaidi. Milka alijibu kwamba mashine yenye kasi mara mbili itawapa dakika mbili leo, na kufikia mwisho wa msimu watakuwa wamerudi kwenye nne. Kasi ya mashine haiwezi kushindana na orodha inayorefuka kila siku.

Ndipo akachukua chaki na kumwonyesha. Waliokwisha kusagwa wahifadhiwe kwenye diski, watoke kichwani mwa mashine. Wanaongoja wagawanywe katika orodha mbili. Ya kwanza imepangwa kwa zamu, na wa kuitwa yuko juu, unamtoa tu. Ya pili ni ya wageni, na kila mgeni anawekwa juu ya mwenzake, kwa maana kuweka kitu juu ya orodha hakunakili chochote. Ya kwanza ikiisha, unaigeuza ya pili mara moja, wa chini anakuwa wa juu, na hiyo ndiyo foleni yako. Kila tela linahamishwa mara moja tu tangu kufika hadi kuitwa. Na majina ya wakulima elfu kumi na nne, badala ya kuyapekua moja moja, yapandwe kama mti, kila tawi likigawanyika mara mbili. Kwa hatua kumi na nne umemfikia yeyote.

Wahome aliufuata mchoro kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Ni mbinu ya fundi baiskeli," alisema mwishowe. "Orodha mbili kujifanya moja. Haina uzuri."

"Bwana Wahome, jana nimekanyaga uzuri wako hadi hapa," Milka alisema, akaonyesha kifundo cha mguu.

Wahome alirudi mezani kwake. Lakini alimruhusu aandike.

Ilimchukua siku tisa. Alipoipeleka Kamadede, Dorca aliandika namba ya trekta la kwanza, na tiketi ikatoka kabla hajarudisha mkono wake. Alijaribu la pili, la tatu. Kisha akavikunja vitambaa vyake, akavitia kwenye mkoba, akauning'iniza ukutani. Katika wiki mbili foleni iliyokuwa barabarani ikaingia ndani ya lango, na baada ya wiki ya tatu ukingo wa yadi ukaonekana, udongo mtupu wenye mafuta na maganda. Harufu ikapungua. Joram Oketch alimshukuru Milka kwa kumshika mkono, akamtazama kama mtu anayesoma kipimo kisichompendeza. Filimbi ilikuwa bado shingoni, lakini haikuwa na kazi.

Milka alirudi Kisumu na furaha ambayo hakuthubutu kuionyesha. Alikuwa ametengeneza kitu chema na kilikuwa kinafanya kazi. Usiku alilala vizuri.

Katikati ya Septemba Dorca alipiga simu. Aliongea kwa sauti ya chini. Alisema mashine imerudia ugonjwa wake, dakika tatu, wakati mwingine tano. Imeanza Jumatatu. Jumamosi iliyotangulia Bwana Wahome alikuja mwenyewe na disketi, akakaa na Bwana Oketch ofisini, halafu akakaa kwenye mashine kidogo, akaondoka.

Wahome hakuwa amemwambia Milka kwamba alikwenda Kamadede.

Milka alipanda basi asubuhi iliyofuata. Kwenye kibanda aliichapa programu nzima kwa printa ya kelele iliyokuwa pale, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kuisoma na penseli mkononi. Foleni yake ilikuwa pale pale, orodha mbili, hakuna kilichoguswa. Mti wa wakulima pia. Alianza kudhani Dorca amekosea, mpaka akafika kwenye ukurasa wa nne na kuona mistari mitatu ambayo hakuiandika yeye.

Mistari hiyo ilisema hivi: kabla ya kutoa tiketi, soma kutoka kwenye diski orodha yote ya matela yaliyosagwa tangu Februari. Igeuze, wa mwisho awe wa kwanza. Kisha igeuze tena. Kisha iache.

Aliisoma mara tatu. Mwanzoni alidhani kuna maana iliyomkwepa, kwa kuwa alikuwa amezoea kuamini kwamba Wahome haandiki kitu bure. Orodha ukiigeuza mara mbili inarudi ilivyokuwa. Hata mtoto wa shule anajua hilo. Hakikuongezwa kitu, hakikupunguzwa, na hakuna jibu lolote katika programu nzima lililobadilika hata kwa herufi moja. Kazi ya mistari ile mitatu ilikuwa moja tu, kupoteza dakika.

Nje filimbi ililia. Alisikia injini zikiwashwa, na bila kutazama alijua kwamba baadhi ya matela yanatoka kwenye mstari. Harufu ile ilikuwa imeanza kurudi, bado nyepesi, kama mtu anayechungulia mlangoni. Milka aliishika karatasi kwa ncha za vidole. Alikuwa amewahi kuona programu mbovu nyingi, na zake mwenyewe zikiwemo, lakini zilikuwa mbovu kwa ujinga au kwa haraka. Hii ilikuwa safi. Ilipangwa vizuri, imeandikwa kwa mkono wa mtu anayeijua lugha yake kuliko mtu yeyote katika nchi. Hilo ndilo lililomchefua, ule usafi.

Jioni ile alimkuta Wahome ofisini akimenya chungwa. Aliweka karatasi mezani na kuizungushia mistari mitatu kwa penseli. Wahome aliitazama, akaendelea kumenya.

Hakukana. Alieleza kwa utulivu kwamba Oketch anasikilizwa na wasimamizi wa viwanda vingine vitatu, na amesema yuko tayari kuisifu programu kwao, ila yadi yake ina mpango wake na mpango huo unahitaji nafasi. Mashine ikiita kila tela kwa sekunde moja, yeye anabaki na filimbi tu. Kwa hiyo Wahome alimpa nafasi. Viwanda vitatu vikiichukua lugha hii, alisema, nchi nzima itaijua. Hayo ndiyo makubwa, na Kamadede ni msimu mmoja.

"Watu wanamwaga miwa yao kwenye mtaro," Milka alisema.

"Sijabadilisha jibu hata moja. Soma tena. Kihisabati ni programu ile ile uliyoiandika wewe."

Alisema hivyo bila aibu, na Milka akaona kwamba anaamini. Alimwona akitenga kipande cha chungwa, akikiondolea nyuzi nyeupe moja moja kwa uangalifu, akikitia mdomoni. Midomo yake ilikuwa na maji ya chungwa. Miaka miwili alikuwa amemheshimu mtu huyu kuliko baba yake mdogo aliyemsomesha. Sasa hata kule kutafuna kwake hakuweza kukuvumilia. Alichukua karatasi yake akatoka.

Hakulala. Kabla ya jua kupanda alikuwa stendi na disketi mbili kwenye mkoba. Alipofika Kamadede aliiondoa mistari mitatu, jambo la dakika moja. Lakini alijua kwamba Wahome anaweza kuirudisha Jumamosi yoyote, kwa hiyo akaongeza kitu chake mwenyewe: kila asubuhi saa kumi na mbili, mashine ikiwashwa, printa ichape foleni nzima kwa zamu, namba ya trekta, jina la mwenye miwa, na siku aliyofika.

Alimweleza Dorca. Hakumwambia afanye nini na karatasi hizo, alisema tu zitatoka. Dorca alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akasema gundi anayo.

Kesho yake foleni ilikuwa imebandikwa langoni, karatasi tano zilizounganishwa, ndefu kama kanga. Milka alikuwa amelala kwa dada wa Dorca ili aone. Saa tatu Oketch alipuliza filimbi na kunyoosha kidole. Trekta aliloliita lilianza kusogea, kisha likasimama, kwa maana dereva wa mbele yake, mtu aliyeitwa Wakhisi, hakumpisha. Wakhisi alishuka, akaenda langoni, akaweka kidole kwenye karatasi, akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma namba, jina na siku. Aliposita kwenye jina gumu, wengine walimsaidia. Oketch alipuliza tena. Hakuna gurudumu lililozunguka. Wakhisi alisoma mpaka jina la mwisho, na kufikia hapo madereva karibu wote walikuwa wamekusanyika, wakitafuta kila mmoja jina lake kwa kidole chake mwenyewe.

Kama kungekuwa na haki, hadithi ingeishia hapo. Oketch hakushtakiwa. Alihamishiwa stoo, na mwaka uliofuata akapandishwa cheo. Dorca aliondolewa kwenye mizani na kupelekwa kwenye ghala la magunia, alikokaa hadi kustaafu, akikohoa vumbi. Karani aliyechukua nafasi yake aliendelea kubandika foleni kwa sababu madereva walimngoja mlangoni kila asubuhi, na hivyo msimu ule uliisha bila mlima mtaroni kuongezeka. Msimu uliofuata kiwanda kilisema kompyuta inaleta fujo, wakarudia ubao na chaki. Mama Rosa aling'oa miwa yake yote akapanda mahindi.

Milka alipata barua ya kufukuzwa kazi iliyoandikwa kwa lugha nzuri sana, ikimtakia heri.

Baadaye alipata kazi ya kufundisha chuoni Maseno. Mwaka 1996 idara ilimwalika mgeni kutoka Nairobi aje kuzungumza na wanafunzi juu ya kasi ya programu, na mgeni huyo alikuwa Wahome, amenenepa kidogo, amevaa suti. Milka aliketi nyuma. Wahome alizungumza vizuri. Alichora orodha mbili ubaoni, ya wanaongoja na ya wageni, akaeleza jinsi ya pili inavyogeuzwa mara moja tu, na jinsi kila mmoja anavyohamishwa mara moja. Alisema ni mojawapo ya vitu vizuri zaidi alivyowahi kuviona katika lugha yoyote. Hakusema alikiona wapi. Wanafunzi walipiga makofi.

Alipomaliza alimwona, akaja moja kwa moja na mkono umenyooshwa.

"Mwalimu," alisema. "Ile yako nilikosea kuiita ya fundi baiskeli. Ni nzuri mno."

Na Milka, kabla hajajizuia, alifurahi. Furaha ilimjaa kifuani kama ya mwanafunzi aliyepewa alama zote, akasikia mdomo wake ukisema asante. Wahome alikwisha kugeuka, watu wa idara wakimwongoza kwenda kunywa chai. Milka alibaki darasani peke yake, na karaha iliyompanda sasa ilikuwa mbaya kuliko ile ya mtaroni, kwa sababu hii hakuikanyaga, ilitoka ndani yake mwenyewe. Alichukua kifutio akaufuta ubao wote, polepole, kuanzia juu.